Msiwafiche watoto mche uliokufa: barua kwa walimu wa chekechea

Wanangu walimu wa madarasa ya awali, wa shule za serikali na za binafsi, wa madrasa na wa makanisani, na ninyi mnaofundisha chini ya mwembe kwenye vituo shikizi,

Salaam nyingi. Nimestaafu ualimu, lakini miguu bado inanipeleka shuleni, maana wajukuu wanapenda niwasindikize, na nikishafika siwezi kupita dirisha la darasa la awali bila kuchungulia. Mengi ninayoyaona yananifurahisha. Kuna jambo moja limenikaa rohoni, nami nimeona niwaandikie wote kwa pamoja kuliko kumvuta mwalimu mmoja pembeni akadhani namsema yeye.

Ni somo la viumbe hai. Madarasa mengi siku hizi yana makopo ya maharage dirishani, na hilo ni jema sana. Shida ni pale mche wa mtoto unaponyauka. Kesho yake asubuhi unakuta kopo lilelile lina mche mwingine, mbichi, umesimama wima. Mwalimu ameubadilisha jioni watoto walipoondoka, ili mtoto asilie, mzazi asinung'unike, na mkaguzi akija akute dirisha limependeza. Najua ni huruma inayomtuma. Hata hivyo nawaomba, wanangu, tuiache kabisa tabia hiyo, kwa sababu inaondoa somo lenyewe na kubakiza mapambo.

Watoto wengi wa miaka minne au mitano hawaamini kwamba mmea una uhai. Waulizeni wenu, mtasikia. Mbuzi yuko hai? Ndiyo. Pikipiki? Ndiyo, inakimbia. Jua? Ndiyo, linatoka na kuzama. Mwembe? Hapana, umesimama tu. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, aliwahoji watoto wa kwao maswali ya namna hii miaka ya 1920, na akakuta kwamba kwa mtoto mdogo kinachokwenda ndicho kilicho hai. Kwa hiyo tunaposimama ubaoni tukawaimbisha kwamba mimea ni viumbe hai, inakula, inakua, inapumua, wataimba vizuri sana, lakini moyoni mwao mwembe bado ni sawa na nguzo ya umeme.

Kinachombadilisha mtoto ni kulea. Mwaka 1990 mtafiti wa Japani, Kayoko Inagaki, aliwalinganisha watoto wa chekechea waliofuga samaki wadogo nyumbani na wenzao wasiofuga. Waliofuga walimjua samaki wao vizuri zaidi, hilo tungelitarajia. Lakini walipoulizwa habari za chura, ambaye hawakuwa wamemfuga, walitumia waliyoyaona kwa samaki kumfikiria chura. Yaani kulea kiumbe kimoja kuliwapa njia ya kuvifikiria vingine. Nasi hatuna haja ya samaki wala tangi la kioo, maana kunde na choroko zimejaa sokoni.

Basi tuanze na mbegu yenyewe, nayo msiifanyie haraka. Walimu wengi huifukia siku ileile wakasubiri kijani kitokeze. Naomba mwipe siku nzima kabla hamjagusa udongo. Lowekeni maharage usiku kucha, asubuhi kila mtoto ashike mawili, moja kavu na moja lililolowa. Wacha waseme wenyewe: hili gumu, hili limevimba, ganda limejikunja, linateleza. Waonyesheni kile kidoa upande wa tumbo la harage, mahali liliposhikamana na ganda la mama yake. Kisha wamenye taratibu na kulipasua katikati. Ndani, kwenye ncha moja ya kipande, kuna kimmea kizima kimejilaza: kikonyo cheupe kitakachokuwa mzizi, na vijani viwili vilivyokunjwa, vyembamba hata unaona mishipa yake ukivigeuza kwenye mwanga. Nyamazeni hapo. Ninawasihi mnyamaze. Mtoto aliyekiona kwa mara ya kwanza hahitaji maelezo kwa dakika ile, anahitaji kumwita mwenzake aje aone.

Baada ya hapo chukueni chupa za maji zilizokatwa, au bilauri, mweke karatasi ya chooni au pamba iliyoloana, na mbegu zikae kati ya karatasi na ukuta wa chupa ili zionekane. Nyingine zielekee juu, nyingine chini, nyingine ubavu. Choroko zinaanza kutoa mzizi kwa siku moja au mbili, harage linachukua siku chache zaidi, na kwa mtoto wa miaka minne siku mbili ni muda mrefu sana, hivyo anzeni na choroko. Wataona kwamba mbegu ikilazwa vyovyote, mzizi unageuka na kushuka. Ulizeni: nani kauambia chini ni wapi? Majibu yao yaandikeni kama yalivyo, bila kusahihisha. Pandeni na hindi pembeni. Harage linanyanyua vipande vyake viwili juu ya ardhi kana kwamba linavua shuka, hindi linabaki chini na kutuma jani moja lililochongoka. Watoto wanaona tofauti hiyo kabla yenu, na majina yake ya kitaalamu yatawafikia wakiwa sekondari.

Fanyeni na jaribio la kabati. Chupa moja dirishani, nyingine gizani, zote zimwagiliwe sawa. Baada ya wiki moja, ule wa gizani utakuwa mrefu kuliko mwenzake, na watoto watashangilia kwamba umeshinda. Msiwakatishe. Wauguse, waone ulivyo na rangi ya manjano, ulivyo laini, unavyoanguka. Je, una afya? Mjadala wa watoto wa miaka mitano juu ya mrefu na mwenye afya ni mzuri kuliko karatasi yoyote ya kupaka rangi. Kisha utoeni kwenye mwanga, wauone ukigeuka kijani. Na ule wa dirishani ugeuzeni ulipe jua mgongo, baada ya siku moja au mbili utakuwa umejipinda tena kulifuata. Hapo ndipo utamsikia mmoja akisema kwa sauti ya chini, "kumbe unatembea." Kifauongo nacho kinapendwa, mtoto anakigusa kinafumba majani. Ila mimi nakiweka mwisho. Ukianza nacho unamthibitishia mtoto kwamba uhai ni kujongea haraka, na ndilo wazo tunalotaka alivuke.

Kupima msitumie rula kwa watoto ambao namba bado zinawachanganya. Kila siku mtoto akate kipande cha karatasi kirefu sawa na mche wake, akibandike ukutani kando ya cha jana. Baada ya wiki mbili ukuta mzima unasoma wenyewe.

Sasa nirudi kwenye kifo. Miche ya watoto inakufa zaidi kwa maji mengi kuliko kwa kiu, maana kila mmoja anataka kumwagilia na hakuna anayetaka kuwa wa mwisho. Siku mche ukianguka, kusanyeni watoto mkae chini nao. Watasema umelala, umekasirika, una njaa tuupe uji. Sikilizeni yote. Kisha ung'oeni. Mzizi ulio hai ni mweupe na mgumu kidogo, uliooza ni wa kahawia, unateleza, unanuka. Wacha wanuse. Wekeni kando yake mche mwingine uliosinyaa kwa kiu tu, mwagilieni, mrudi kuutazama baada ya kula uji. Mara nyingi utakuwa umeinuka. Ule uliooza mwagilieni pia, kwa sababu watadai hivyo, nao hautainuka. Hapo, wanangu, mtoto anaelewa kile ambacho wimbo haukumfundisha: jiwe halifi, gari linaharibika na kutengenezwa, lakini mche huu ulikuwa na kitu ambacho sasa hauna. Mwalimu aliyeubadilisha usiku amemfundisha mtoto kinyume chake, kwamba miche ni vyombo, kimoja kikivunjika kinaletwa kingine.

Najua mnachoogopa. Darasani mna watoto waliofiwa, wengine na mama. Mtoto wa namna hiyo huenda akazungumza siku hiyo kuliko alivyozungumza mwaka mzima, au akanyamaza kabisa. Kaeni karibu naye. Msimwambie mche umelala, kwa sababu ataogopa kulala, au atasubiri mtu wake aamke. Semeni umekufa. Upelekeni mche kwenye shimo la mboji, na baada ya wiki kadhaa mchimbe mwone umekuwa nini. Na mbegu mpya apande yeye kwa mkono wake, siku atakayotaka yeye.

Neno la pili ni fupi ila lina uzito kwangu. Bustani isiwe adhabu. Friedrich Froebel alipofungua shule yake ya watoto wadogo kule Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, alitaka kila mtoto awe na kitalu chake kidogo, na kando yake viwepo vitalu vya wote. Kwetu Tanzania, baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, shule nyingi zilikuwa na mashamba, na nia ilikuwa njema, lakini mara ngapi tulimwona aliyechelewa akipewa ndoo na jembe? Mtoto aliyemwagilia kwa kuadhibiwa atauchukia mmea bila kujua sababu. Anayefanya vizuri ndiye apewe kopo la kumwagilia kwa siku hiyo, na zamu izunguke hadi wote waipate.

Usalama nao msiuache kwa mungu. Msitumie mbegu za dukani zilizopakwa dawa, zile zenye rangi ya waridi, nyekundu au kijani: hiyo ni sumu ya kuua kuvu na wadudu. Nunueni za kula. Mbegu za mnyonyo na mbono zisiingie darasani hata kwa kuhesabia, na kama mti wake uko uwanjani, uondoeni. Maharage mabichi yana sumu, hivyo hakuna kutafuna. Na kaeni macho na pua na masikio: harage likiingia puani linavimba kwa unyevu, halitoki kirahisi. Likitokea msichokoe wala msimimine maji, mpelekeni mtoto zahanati moja kwa moja.

Wazazi watawaambia wamemleta mtoto asome, hawakumleta alime, tena sare imechafuka. Msibishane nao. Waiteni wao na mabibi waje siku moja kuonyesha jinsi kunde za mbegu zinavyohifadhiwa kwa majivu zisitobolewe na wadudu. Bibi aliyeketishwa kwenye kiti cha mwalimu atawatetea mtaani kwa mwaka mzima. Na mtoto akiutaja mmea kwa Kisambaa au Kigogo, mwacheni, muulizeni mamaye anaupikaje. Ninyi wa shule zinazofundisha kwa Kiingereza, sina ugomvi na lugha, ila nasikitika nikikuta watoto wanapaka rangi tufaha na matunda ambayo hayajawahi kufika sokoni kwao, na nje ya ukuta kuna mpapai unaodondosha.

Msiseme darasa lina watoto wengi mno. Watoto watano kwa kopo moja inatosha, mradi kila mmoja awe na mbegu yake mle ndani na alama yake ubavuni, nyota, samaki, kikombe, kwa kuwa jina bado hajui kulisoma. Vifuu vya nazi vinafaa, makopo ya maziwa yanafaa, toboeni tu chini maji yatoke.

Kuhusu kupanda nje, fuateni mvua za kwenu. Ukanda wa pwani subirini masika ya Machi au vuli ya Oktoba. Dodoma na Singida mvua ni moja, kwa hiyo Januari shule zikifunguliwa msipoteze hata wiki. Mchicha unavunwa kwa wiki tatu au nne, kwa hiyo unaisha kabla ya likizo. Majani ya kunde nayo ni hivyohivyo, ila mkitaka maganda mhesabu miezi miwili hadi mitatu. Acheni mashina machache yazeeke yatoe mbegu, muwakabidhi watoto wa mwaka unaofuata, na wakubwa ndio wawaeleze wadogo namna ya kupanda. Yaliyobaki pikeni siku hiyohiyo, kila mtoto ale jani lake.

Likizo ikifika na makopo bado yana miche, msiyafungie darasani. Kila kundi lichague mtoto mmoja wa kwenda na kopo lao nyumbani, mwandikieni mzazi wake kikaratasi: maji kidogo asubuhi, mwanga, mbali na mbuzi. Shule zikifunguliwa baadhi yatarudi na mche, baadhi yatarudi matupu. Yote mawili yapokeeni, kisha mwulizeni mtoto ilikuwaje, mkae msikilize mpaka amalize.

Nawatakia kazi njema.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu