Wajina, usilifute vumbi

Dodoma,
9 Agosti

Wajina wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima, ila baridi ya asubuhi inatutesa, na upepo ndio huo wa miezi hii, unaanza saa nne na kutulia jua likikaribia kuzama. Mama watoto anakusalimu. Anauliza mnahamia lini hasa, maana chumba ameshakiandaa.

Picha za gari nimeziona. Wajina, limependeza. Ile boneti nyeusi mawingu yanaonekana ndani yake kama kwenye maji ya mtungini. Umesema limekaa kwa mafundi siku mbili: limeoshwa, likasuguliwa kwa ule udongo maalumu unaong'oa uchafu uliogandamana, likapigwa polishi kwa mashine, mwisho likapakwa nta. Hela uliyotoa si ndogo na kazi yake inaonekana. Ndiyo maana nimeona nisikupigie simu, nikae niandike, ili uisome kabla hujaondoka Dar kisha uiweke kwenye droo ya dashibodi. Unakuja katikati ya kiangazi. Mvua tuliiaga Aprili na nyingine tunaitazamia Desemba. Siku ya kwanza tu utakapoacha lami na kuingia mtaani, gari litavaa vumbi jekundu kuanzia boneti mpaka buti, na mkono wako utataka kulifuta. Usilifute.

Nakwambia hivi kwa sababu ya gari la baba. Unalikumbuka, ile Mark II ya bluu iliyokolea. Unakumbuka pia alivyotukataza kuandika kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha nyuma, sisi na maneno yetu ya "nioshe". Tulidhani ni ukali tu wa wazee. Baada ya kumzika, nililileta huku, nikalipeleka kupigwa polishi, likarudi kama siku aliyolitoa bandarini. Nikajiapiza kwamba halitakaa chafu hata siku moja. Basi kila asubuhi kabla ya kazi nachukua kipande cha khanga kuukuu, kikavu, nalifuta lote, paa mpaka milango. Miezi mitatu. Usiku mmoja naweka mafuta, nimesimama chini ya zile taa kali za kituo, nikaitazama boneti: mikwaruzo myembamba ya duara, maelfu, imezunguka taa kama utando wa buibui. Ubavuni hivyo hivyo. Mikwaruzo ile haikutoka kwa mtu mwingine wala haikutokana na ajali. Ilikuwa ni mkono wangu na ile khanga. Wajina, niliumia. Nililiona kama nimemkosea baba.

Fundi rangi niliyempelekea ndiye aliyenifungua macho. Juu ya rangi yenyewe kuna tabaka jingine lisilo na rangi, wenyewe wanaliita kliya, na ndilo linalong'aa. Magari mengi yanatoka kiwandani na kliya ya mikroni 40 hadi 50 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Yaani mng'ao wote ule umekaa ndani ya kitu chembamba kuliko unywele. Na polishi ya mashine hairudishi kliya, inaipunguza: inakata kidogo juu mpaka ifike chini ya mkwaruzo, ndipo panaonekana laini. Kwa hiyo gari lina idadi yake ya kupigwa mashine, kisha basi. Wewe moja umeshaitumia.

Sasa vumbi la huku ni nini? Vile vilima vya mawe utakavyoviona ukiingia mjini ni granaiti, na udongo mwingi wa hapa umetokana na mawe ya namna hiyo kusagika kwa miaka mingi. Ndani ya granaiti kuna zile chembe ngumu zinazometameta, jamii moja na mchanga unaoyeyushwa kutengeneza kioo. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs chembe hizo ziko kwenye 7, zinakwaruza hata kioo cha dirisha, seuze kliya ya gari. Vumbi likitua na kutulia halifanyi kitu. Linaweza kukaa wiki nzima kwenye boneti na boneti ikabaki salama. Madhara yanaanza pale unapoweka kitambaa juu yake na kukandamiza, maana hapo umeshika msasa mkononi. Tena kusugua kwa kitambaa kikavu kunaamsha umeme ule unaosimamisha nywele ukivua sweta wakati wa baridi, na gari linavuta vumbi jipya upesi kuliko kabla. Zile brashi za nyuzi wanazouza vijana kwenye foleni usiziguse. Hata ile ndefu yenye mafuta mafuta isiyoonekana kukwaruza, usiitumie kwenye gari jeusi.

Vumbi linatolewa kwa maji, na maji yatangulie kabla ya mkono. Najua utasema Dodoma maji ni ya zamu. Kweli, ndiyo maana nimenunua lile bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, la lita 16. Nunua jipya, lisilowahi kuwekwa dawa ya shamba, uliandike kwa wino "maji tu". Bomba moja linatosha kulilowesha gari zima. Naanza alfajiri jua halijapata nguvu na bati la gari limepoa. Napulizia paa kwanza, nashuka taratibu, naacha maji yenyewe yachukue vumbi yateremke nalo. Dakika kadhaa nasimama tu naangalia michirizi myekundu inavyoshuka milangoni, na bado sijagusa kitu. Hapo sehemu kubwa ya mchanga imeshaondoka.

Ndipo zinakuja ndoo mbili. Moja ina maji na shampuu ya gari, nyingine ni maji matupu. Kitambaa cha maikrofaiba, kile laini cha nyuzi nyembamba sana, kinachovywa kwenye shampuu, kinapita sehemu ndogo kwa mstari ulionyooka bila kuzungusha, kisha kinasuuzwa kwenye ndoo ya maji matupu kabla hakijarudi kwenye shampuu. Watu wa kuosha magari hawana muda wa hili. Kwao ndoo ni moja, sponji ni moja, na sponji hiyo hiyo iliyotoka kwenye rimu ya gari la mtu wa Kongwa ndiyo inayopanda kwenye boneti yako. Siwalaumu, foleni ni ndefu na malipo ni madogo. Lakini gari lako waambie wapulize maji tu, mkono utaweka mwenyewe nyumbani. Sehemu za chini ya milango na kwenye matairi ziwe za mwisho na ziwe na kitambaa chake. Sabuni ya unga na ya kuoshea vyombo usitumie kabisa, zinakata mafuta, na nta uliyoilipia nayo ni ya jamii hiyo hiyo.

Kukausha ndipo wengi tunapokosea. Kisima cha mtaani kwetu kina chumvi, tone likikaukia juani linaacha kiduara cheupe ambacho baadaye hakitoki kirahisi. Kwa hiyo usiliache likauke lenyewe. Chukua maikrofaiba kubwa, nene, ilaze juu ya boneti yote, kisha ivute polepole kwa ncha mbili bila kukandamiza. Vitambaa hivyo vifuliwe peke yake, visichanganywe na matambara ya jikoni, na kikidondoka chini kwenye mchanga, siku hiyo kimekwisha kazi mpaka kifuliwe.

Umeniuliza kuhusu kava, maana shemeji amekwambia ununue. Ninalo na ninalitumia, lakini si kama unavyodhani. Kava juu ya gari lenye vumbi, kwa upepo huu wa Agosti na Septemba, linapepea usiku kucha na kusugua gari kuliko khanga yangu. Nalifunika gari likiwa safi kabisa, limekauka, mahali pasipofikiwa na upepo, na nikijua sitalitumia siku kadhaa. Kwa gari la kila siku kava ni mzigo. Afadhali uangalie pa kulilaza. Upepo wa huku miezi hii unatoka zaidi mashariki, basi nyumba utakayopanga itazame uwanja wake: ukiegesha upande wa magharibi wa nyumba au wa ukuta mrefu, ukuta ndio unaopokea vumbi. Uwanja uwe na kokoto au pevingi. Kama ni udongo mtupu, mwagia maji ya kufulia jioni, udongo ulale. Minyaa ni ua mzuri wa kukinga upepo, ila usisogeze gari mpaka matawi yaliguse, utomvu wake mweupe ni mbaya kwa rangi na ni hatari kwa macho ya watoto.

Nilikuwa nisahau jambo ambalo kwako ni la leo leo. Kwenye picha ya tatu nimeona gari limeegeshwa chini ya ule mwembe wa kwa shangazi. Wajina, liondoe. Agosti miembe ya Dar iko kwenye maua. Lile vumbi la njano unaloliona kwenye kioo cha mbele ni chavua na maua yaliyosagika, na hilo peke yake lingeoshwa kwa maji likaisha. Lakini kwenye maua yale kuna wadudu wadogo wanaofyonza utomvu na kudondosha matone matamu yanayonata. Pitisha kidole kwenye majani ya chini utayasikia. Matone hayo yanatua kwenye boneti, yanashika chavua, yanashika vumbi la barabara, jua linayakausha, kisha yanaota ukungu mweusi kama masizi. Ukija nayo huku juu yakabandikwa vumbi la njiani, utakuwa na tabaka gumu lisilotoka kwa kupuliza. Osha kabla ya safari, kwa maji ya uvuguvugu na shampuu. Panaponata weka kitambaa kilicholowa, kikae dakika kumi kilainishe chenyewe, usikwangue kwa ukucha. Wadudu utakaowagonga njiani nao ni hivyo hivyo, walowane kwanza. Huku mwarobaini una kivuli kizuri na watu wengi wanaegesha chini yake, lakini matunda yake yakiiva popo na ndege hawatoki, na kinyesi chao kinakula kliya upesi jua likiwaka. Ukikiona, hicho usisubiri alfajiri ya kuosha. Mwagia maji ukitoe saa hiyo hiyo.

Hao mafundi wako wamekwambia kwamba kwa nta ile vumbi halitashika. Litashika. Nta nzuri, hata ile ya carnauba inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa Brazili, haizuii vumbi kutua, na hata ile seramiki wanayotoza bei kubwa haizuii. Inachofanya ni kuufanya uso wa gari uteleze, ili maji yakipita vumbi liachie bila kubembelezwa. Faida hiyo ni kubwa, isitupe, paka nyingine kila baada ya miezi miwili mitatu. Ila usije ukaona vumbi siku ya pili ukadhani umeibiwa, ukaanza kusugua kwa hasira.

Ndani ni rahisi zaidi. Waambie wasikupake yale mafuta ya kung'arisha dashibodi na matairi. Yanavutia siku ya kwanza, ya pili yameshanasa vumbi lote likawa tope. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Futa mipira ya milango kila wiki, maana mchanga ukijaa pale mlango haubani vizuri na vumbi linapata njia. Ukiwa nyuma ya lori funga vioo, bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, halafu uliache litangulie mbali. Filta ya AC itoe uikung'ute kila mwezi wakati wa kiangazi, ukiona imegeuka udongo nunua nyingine. Usishangae pia kuona nyuma kwenye buti ndiko kuchafu kuliko kote. Gari likikimbia linaacha ombwe nyuma yake, na vumbi linavutwa kurudi palepale.

Kuna asubuhi umande unaanguka hapa, hata katika ukame huu, na vumbi la usiku linageuka tope jepesi juu ya kioo. Kabla hujawasha waipa mwagia kioo maji kikombe kizima. Mimi natembea na chupa ya lita moja na nusu mlangoni kwa kazi hiyo tu.

Gari la baba bado ninalo. Nililipiga mashine mara moja tu baada ya pale, fundi akanionya isizidi, na ile mikwaruzo iliyokwenda ndani nimeiacha. Tangu hapo ni mwaka wa nne sasa, na ukilitazama chini ya zile taa za kituo cha mafuta hakijaongezeka kitu.

Ondokeni Dar alfajiri, mtapita Gairo kabla upepo haujachachamaa. Kibaigwa malori ya mahindi ni mengi, msijibanze nyuma yao. Mkifika, gari liacheni kama lilivyo, na vumbi lake. Nitakuwa nimejaza ndoo na bomba, na asubuhi yake saa kumi na mbili tutaliosha wote wawili, nikuonyeshe mkono unavyokwenda.

Msalimie shemeji na watoto, na shangazi mwambie nimemkumbuka.

Ni mimi,
Wajina wako