Nyumba Juu ya Hilux

Columbus, Ohio
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Assalaam aleikum. Ile sauti uliyonitumia niliisikiliza nikiwa chini ya gari, nikacheka hadi spana namba 14 ikaniangukia kifuani. Eti mtu mzima na akili zake amenunuaje banda la kuku lililobebeshwa Hilux? Sasa nimeoga, nimekunywa chai, nakujibu kwa kituo.

Ndiyo, ni Hilux, ya 1986, ingawa jina hilo huku Marekani walikuwa wameshaliacha, wanaiita pikapu tu. Toyota alitoa kichwa na chesisi, makampuni mengine yakajenga nyumba mgongoni: kitanda juu ya dereva, jiko la gesi, choo, meza ya kukunja. Injini ni ndugu wa ile 22R iliyotufungua macho pale gereji, lita 2.4, ila hii ina sindano za kupulizia petroli badala ya kabureta. Kwenye mlima, madereva wa malori wananipita wakinipungia mkono.

Kabla sijatoa hata senti nilichuchumaa nyuma nikahesabu nati za tairi. Zilikuwa sita, nikashusha pumzi. Wewe utanielewa. Nyumba nyingi za mwanzo za aina hii zilijengwa juu ya ekseli ya kawaida ya pikapu, yenye nati tano, na baadhi zikaongezewa tairi la pili kwa nje zikaonekana zina mapacha kama lori. Ndani shafti ni ile ile ya kubebea mchicha. Ikikatika, tairi zinaondoka nayo na wewe unabaki unazitazama kwenye kioo. Baadaye ikawekwa ekseli nzito, na baadhi ya zile za zamani ziliitwa zirudishwe zibadilishiwe. Hii yangu habu, yaani kitovu cha tairi, inakaa kwenye beringi zake juu ya nyumba ya ekseli, shafti kazi yake kuzungusha basi. Kama Fuso: unaichomoa kando ya barabara na gari limesimama pale pale, halijui kitu.

Tairi zenyewe zilinidanganya. Kashata, yaani meno ya tairi, zimejaa, mpira unang'aa. Nikatafuta ile namba ya mwisho ubavuni: 2309. Wiki ya 23, mwaka 2009. Nilitupa zote sita.

Lakini vita vyangu havikuwa chini, vilikuwa juu. Aliyeniuzia alikuwa amebandika karatasi mpya ya ukutani, ya maua ya samawati, nadhifu kweli. Mimi nikamsifu! Wiki mbili baadaye mke wangu akaegemea ile kona ya kitanda cha juu, akasema, "Mbona ukuta unabonyea?" Nikaweka dole gumba. Likazama kama kwenye mkate uliolowa chai. Kuchana karatasi ikatoka harufu ya mtungi usiooshwa, na mbao nyuma yake zimekuwa nyuzinyuzi nyeusi unazoweza kuzichota kwa kijiko. Skrubu zimeliwa hadi kubaki kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuungua. Nje bati la alumini liko safi kabisa. Hizi nyumba ni fremu ya mbao iliyovishwa bati, na maji yanaingilia kwenye vile vipande vya kona na pembeni mwa madirisha, yanateremka taratibu ndani ya ukuta miaka na miaka, hakuna anayeyaona.

Na kila mwenye gari aliyepita alikuwa na dawa moja: silikoni. Tabaka juu ya tabaka. Swahiba, mtu akikuletea silikoni kwa kazi ya paa la gari mfukuze na kopo lake. Ikishakauka, hakuna kinachoshika juu yake, hata silikoni nyingine. Wikendi tatu nimekuwa nikiikwangua kwa wembe wa plastiki nisije nikachuna bati. Sasa nimeweka utepe wa butili, mpira wa kuzibia maji, chini ya kila kipande cha kona. Unabaki laini kama ubani uliotafunwa, gari likitikisika nao unavutika.

Fremu iliyooza nimeikata na kuijenga upya kwa msonobari mwepesi. Najua ungekuwa wewe ungeweka mninga. Hata mimi mkono uliniwasha, maana sisi tulifundishwa kwamba kitu kikivunjika unakirudishia kinene zaidi. Kwa gari hili ukifanya hivyo umelimaliza. Kibati cha mlangoni kinasema jumla ya uzito isizidi pauni 6,000, yaani kama kilo 2,700. Nilipolipeleka kwenye mizani ya malori, tangi la maji likiwa tupu na ndani niko peke yangu, lilisoma kilo 2,610. Tangi likijaa ni kilo 76 nyingine. Bado mke, watoto wawili na unga! Basi kazi ikageuka ya kutoa. Jenereta nimeiuza, kiyoyozi cha paani kimeshuka, oveni imekwenda, zulia nimeling'oa lote. Nimerudi mizani: 2,430. Siku ile nilifurahi kuliko siku niliyowasha injini.

Betri mbili za nyumba za risasi, kilo 28 kila moja, nimezitoa nikaweka moja ya lithiamu ya kilo 12, na umeme wa kutumia ni ule ule, kwa kuwa zile za risasi ukitumia zaidi ya nusu ya chaji yake unaziua. Paani kuna sola ya wati 200. Ila usiiunge lithiamu moja kwa moja na oltaneta ndogo kama hii, ile jenereta ya injini inayochaji betri: inanyonya bila huruma hadi oltaneta inachemka. Katikati nimeweka chaja inayobana isizidi ampea 20.

Sasa ninalokutaka. Asubuhi injini ikiwa baridi, mbele panalia kama karanga kwenye bati, sekunde chache, kisha kimya. Ni taimingi cheni, ile inayozungusha valvu mbele ya injini, nina hakika. Vile vizuizi vya plastiki vinavyoiongoza vimevunjika, na nikichelewa cheni itakwangua kava lake hadi maji yaingie kwenye oili. Vipya nimeshaagiza, vyenye mgongo wa chuma. Swali ni hili: wewe huwa unatoa kava bila kuinua silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini? Huku wengine wanashusha sampu, bakuli la oili chini ya injini, wanalichomoa kava kwa ustadi, halafu pale kava linapokutana na gasketi ya hedi wanapaka silikoni. Unaona tunavyorudi kwenye silikoni ile ile. Nijibu kwa sauti, ila polepole, nitakuwa nimeshika spana.

La mwisho ni la shemeji, mfikishie salamu. Madirisha ni matano na mke wangu hataki pazia za dukani, anataka kanga. Doti tatu zitatosha, rangi yoyote isiyo nyeupe, kwa sababu ya watoto. Mwambie aangalie vizuri majina yaliyoandikwa, yasiwe ya vijembe. Tukipaki kambini Wamarekani hawatajua kitu, lakini hapa Columbus nalipaki mbele ya nyumba, na mama mmoja wa Kisomali jirani yetu, mzaliwa wa Mombasa, hupita kila alfajiri akisoma kila kilichoandikwa.

Swahiba wako wa gereji