Mtani si mtu wa mzaha tu

Iringa

Ndugu yangu Athmani,

Salamu, na poleni tena kwa msiba wa baba mkwe. Unauliza iweje pale Songea Mhehe mmoja atumbukie kaburini na kugoma kutoka, mwenzake avae koti la marehemu na kukohoa kama yeye, halafu wafiwa wacheke. Wale ni watani wa wakwe zako Wangoni.

Huko Mombasa ukisikia "utani" unaelewa mzaha, basi. Huku bara utani ni uhusiano, una haki na wajibu wake. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na uhasama ule ndio uliogeuka utani. Wanyamwezi waliupata mwingine njiani, misafara yao ikipita kwa Wazigua na Wazaramo kuelekea pwani. Wapare na Wachaga, hao ni ujirani tu. Hata magazeti yakiwaita Yanga na Simba wa soka "watani wa jadi", yamekopa neno hilohilo.

Sikiliza kitenzi. "Ananitania" yaweza kuwa malalamiko. "Tunataniana" hairuhusu kununa, maana nawe una zamu yako. Ndiyo maana huwezi kuwa mtani wa mtu ambaye yeye si mtani wako. Sema "nina utani naye", au "wale watani zangu".

Tena mtani haji kucheka tu. Kwa desturi ndiye anayeshika jembe la kaburi, anayepasua kuni na kuteka maji wakati wenye msiba hawana nguvu. Anachodai ni kidogo: elfu moja, elfu mbili, hata sigara. Ukimpa anatoka. Ulipomvuta mkono yule wa kaburini ulimwonyesha kuwa umekasirika, na mtani akiona hasira hapo ndipo anapopandisha bei. Mpaka upo, lakini: mtani mwenye akili hagusi ulemavu wa mtu, wala hafungui siri ya nyumba mbele za watu.

Wewe mwenyewe huna utani wa kabila na Wangoni, ila umeoa kwao. Mashemeji zako, wadogo wa mkeo, unataniana nao. Wakikuficha viatu, wafiche vyao. Bibi yake mkeo akikuita "mume wangu", itika na umuulize chakula kiko wapi. Kwa mama mkwe, hapana. Hapo ni heshima tupu: shikamoo, macho chini, na mzaha uuache mlangoni. Wakwe wengi wa kiume huponzwa hapo, wanadhani utani wa shemeji unafika hadi kwa mama yake.

Siku ya arobaini watakuja tena. Weka noti za elfu moja kama tano mfuko wa shati, na fimbo ya marehemu ifichwe tangu usiku, la sivyo mtaikomboa.

Wako,
Mussa