Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakulima wa Nyanya, Pilipili na Bilinganya

Ndugu wanachama na wajumbe wa kamati,

Shughuli za kawaida mnazifahamu, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Kitalu kiliendeshwa, miche ikagawiwa, mafunzo ya kufunga kamba na kuondoa machipukizi yakafanyika, mitego ya kantangaze, nondo anayeharibu nyanya, ikatundikwa. Kwa kumbukumbu, vipimo vyetu ni vilevile: nyanya huhamishwa kitaluni zikiwa na wiki 4 hadi 6, pilipili na bilinganya wiki 6 hadi 8, nafasi kati ya miche ni sentimita 50 kwa nyanya, 45 kwa pilipili, 60 kwa bilinganya, matandazo unene wa sentimita 5 hadi 10.

Wavu wa kivuli, ambao niliupigania mimi tangu siku ya kwanza, umeonyesha faida yake. Mchana ukizidi nyuzi 32 na usiku usiposhuka chini ya 24, chavua ya nyanya hudhoofika na maua hupukutika. Joto likipita 30, hata tunda lililoshika halipati wekundu wake. Waliotandaza wavu kabla ya maua walivuna. Waliosubiri maua yadondoke ndio waliokuja kulalamika kwangu.

Sasa nije kwenye jambo lililozua maneno mengi, yaani kufungwa kwa upande wa chini wa shamba la chama.

Miche ya nyanya ilianza kulegea mchana na kuinuka jioni, majani yakiwa bado ya kijani. Wengi walisema ni kiu, wakaongeza maji. Mimi nilikata shina, nikalitundika kwenye glasi ya maji safi mbele ya mashahidi, na baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye mkato. Huo ni mnyauko bakteria, hauna mjadala. Bakteria wake, Ralstonia solanacearum, anajulikana kwa wataalamu tangu 1896, na mpaka leo hakuna dawa ya kupuliza inayouponya mche ulioshikwa. Anapenda udongo wenye unyevu na joto, yaani udongo wetu sisi. Anasafiri kwa maji ya mfereji, kwa jembe, kwa nyayo za viatu, na huingia kwenye mizizi iliyojeruhiwa na minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi. Kila ndoo ya maji iliyoongezwa kwa nia njema ilimsogeza tuta la pili.

Nikaagiza miche iliyonyauka ing'olewe pamoja na jirani zake, iteketezwe, na kwa miaka 3 upande ule usipandwe nyanya, pilipili wala bilinganya. Upandwe mahindi na vitunguu. Karanga nilizikataa, kwa kuwa nazo hushikwa na ugonjwa huohuo.

Nimeitwa dikteta kwa ajili ya bilinganya. Wenye bilinganya walisema, "Zetu ni nzima, zinaadhibiwa kwa kosa la nyanya." Ndugu zangu, mazao haya matatu ni ya familia moja, pamoja na viazi mviringo na hata mnavu unaojiotea pembeni. Mche wa bilinganya unaweza kumbeba bakteria huyu mizizini bila kunyauka, ukamlea mpaka msimu unaofuata. Kuacha bilinganya pale na kung'oa nyanya peke yake ilikuwa ni kumhifadhia adui chakula. Niliumia kuona miche yenye maua ikiondolewa, na baadhi yake niliiotesha kwa mikono yangu kitaluni. Bado uamuzi ule ulikuwa sahihi, na upande wa juu wa shamba uliosalimika ndio ushahidi wangu.

Inasemekana pia kwamba niliamua peke yangu. Niliitisha mkutano wa dharura, akidi haikutimia. Nikauitisha tena, wakaja wachache zaidi, na wengine waliondoka kabla ya ajenda ya pili. Katiba yetu inamruhusu mwenyekiti kuchukua hatua ya dharura, na ugonjwa wa udongo haungoji akidi. Waliokuwa na hoja walipaswa kuzileta mkutanoni siku hiyo, siyo kuzizungusha mitaroni baada ya kazi kuisha.

Kuhusu ada, mweka hazina atasoma majina. Chini ya nusu ya wanachama wamelipa mwaka mzima, na zaidi ya nusu walichukua miche. Nashindwa kuelewa hesabu hiyo. Plastiki angavu ya kufunikia udongo ili jua liuchemshe kwa wiki 4 hadi 6 haikununuliwa kwa sababu hiyo tu.

Kwa mwaka ujao, tukijaliwa, tunatarajia kuanza kubebesha nyanya juu ya shina la bilinganya, yaani kuunganisha kichwa cha mche wa nyanya na shina lenye mizizi ya bilinganya. Kituo cha utafiti wa mboga, World Vegetable Center, kimechagua mashina yanayostahimili mnyauko, mojawapo linaitwa EG203. Mjumbe mmoja aliniuliza vipi nikataze bilinganya kisha nitake shina lake. Jibu ni kwamba si kila bilinganya linastahimili, na miche hiyo ndiyo itakayotangulia kuingia upande wa chini baada ya miaka 3, haitaingia kabla. Mshono, pale mimea miwili inapoungana, lazima ubaki juu ya udongo. Ukifukiwa, nyanya itatoa mizizi yake yenyewe na kazi yote itakuwa bure. Mafunzo yatapangwa fedha zikipatikana. Kamati pia ina matumaini ya kupata umwagiliaji wa matone, ili maji yaache kutiririka kutoka tuta hadi tuta.

Majembe ya chama yasiyorudishwa yaletwe wiki hii yasafishwe kwa maji yenye klorini kabla ya kitalu kufunguliwa. Mweka hazina anapokea ada hapa hapa, mara tu baada ya mkutano.

Mwenyekiti