Taa za sola zianzie vichochoroni na kwenye vivuko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu taa za sola. Mimi ni dereva wa bajaji, kijiwe changu kipo Kigogo, na kazi yangu kubwa ni ya usiku. Mjamzito akishikwa na uchungu saa nane za usiku, ndugu zake hunipigia mimi kabla ya kufikiria gari la wagonjwa, kwa sababu wanajua gari halifiki walipo. Hata bajaji haifiki. Nyumba zinazoshukia Bonde la Msimbazi zimebanana, vichochoro vingine watu wawili hawapishani. Mama hutolewa kwa miguu, kashikwa huku na huku, mbele katangulia mtu na tochi ya simu, mpaka wavuke kivuko cha mbao juu ya mtaro ndipo apande chombo. Kwenye kivuko hicho ubao mmoja umeng'oka. Wenyeji wanaujua, lakini mvua ikinyesha na maji meusi yakafunika, hata mwenyeji anapapasa kwa mguu.

Taa za sola tunazo. Zimewekwa barabara ya lami, ambako tayari kuna mwanga wa maduka na magari, na nyingi zimeshakufa. Nimeziona zinavyokufa. Mwanzoni zinawaka hadi alfajiri, baadaye zinazima saa sita, kisha saa tatu, mwisho zinapepesa kidogo jua likizama, basi. Fundi mmoja alinieleza kwamba paneli ni nzima na taa ni nzima, betri ndiyo imechoka. Betri ya asidi inayomalizwa chaji kila usiku haidumu, na joto la Dar linaiharibu upesi zaidi. Paneli nazo zina vumbi na kinyesi cha kunguru, wala hakuna anayepanda kuzifuta. Nguzo nyingine sanduku la betri lilifungwa usawa wa kiuno, wezi hawakuhitaji hata ngazi.

Nasikia watu wakisema sola ya nini siku hizi, wakati Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115? Bwawa limetusaidia, mgao wa 2023 tunaukumbuka wote. Lakini huku bondeni kinachotuzimia umeme ni mvua. Mti ukiangukia nyaya, au maji yakiingia majumbani yakafika kwenye soketi, TANESCO hukata umeme wa eneo zima, na ni sawa wakate, maana bila hivyo watu watakufa kwa shoti. Ndiyo kusema saa ambayo maji yanapanda ndiyo hiyo hiyo saa ya giza. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini humu, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Siku hizi mradi wa Bonde la Msimbazi umelipa fidia na nyumba nyingi zimeondolewa, ila sisi wa pembezoni bado tupo, na masika huja kila Machi.

Ninachowaomba madiwani na wahandisi wa manispaa ni kwamba taa za sola zianzie kwenye njia za kukimbilia maji: kivukoni, kwenye ngazi za kupandia mlimani, hadi mlango wa zahanati. Wakae na wajumbe wa mashina, njia hizo tunazijua. Betri iwe ya lithiamu, ikae juu ya nguzo pamoja na taa, na iwe na uwezo wa kuvumilia siku mbili tatu za mawingu, kwa sababu wakati wa masika jua ni la kubahatisha. Zipo taa zinazofifia kukiwa hakuna mtu na kuongeza mwanga mtu akisogea. Hizo zinatunza chaji.

Zahanati nazo zifungiwe sola juu ya paa. Usiku mmoja nilikuwa nasubiri nje ya zahanati fulani, umeme umekatika, dirishani naona mwanga unahamahama. Ndugu wa mzazi alikuwa kainua simu kwa mikono miwili ili mkunga apate kushona, na simu ile ikaanza kulia chaji inaisha. Nikampelekea ya kwangu. Mkunga yule hakuinua hata uso. Chanjo pia zinahitaji kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na yapo majokofu ya sola yasiyotumia hata betri, yanatunza baridi kwenye barafu yake yenyewe.

Ofisi ya serikali ya mtaa iwe na mahali pa kuchajia simu. Simu ikizima, 114 ya zimamoto huipati, wala 115 ya kuombea usafiri wa mjamzito.

Na kabla nguzo ya kwanza haijasimamishwa, fedha ya kubadilisha betri na kufuta paneli iwe imeshatengwa kwenye bajeti ya manispaa, kila mwaka. Kazi hiyo wapewe vijana wa mtaa huo huo, wafundishwe na walipwe. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai mosi. Diwani yeyote anayetaka kukiona kivuko ninachokisema aje usiku kijiweni Kigogo, nitampeleka bila nauli.

Dereva wa bajaji,
Kigogo, Dar es Salaam