Dada Mapendo, hiyo ruzuku ndogo iombe

Lubumbashi, tarehe 12 mwezi wa saba

Dada Mapendo,

Jambo sana. Mama yuko namna gani, na watoto? Huku baridi imeshika kweli, asubuhi mtu anavaa koti mbili kabla ya kuosha uso, na vumbi limeingia hadi kwenye bukari.

Ujumbe wako wa Jumatatu nimeusoma mara mbili. Unasema hiyo ruzuku ya watafiti wanaoanza ni pesa kidogo mno, afadhali ungoje umalize doktora ndipo uombe kubwa. Hapo, dada, tugombane kidogo.

Unakumbuka nilivyokuwa miaka mitatu iliyopita: dirishani pa famasi toka saa moja, kuhesabu vidonge, kujaza fishi za stoki, jioni kichwa kimekwisha. Swali nilikuwa nalo kitambo. Mizani ya wadi ya watoto ilikuwa imekufa, na muuguzi alikuwa akimnyanyua mtoto kama mtu anayechagua ndizi sokoni: "Huyu kilo kumi na mbili." Artesunati ya sindano, dawa ya malaria kali, haitaki mchezo huo. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo, wala si 2.4 kama mkubwa, kwa kuwa kwa dozi ya mkubwa damu yake inabaki na dawa kidogo. Wa kilo 14, basi, ni miligramu 42. Ukimhesabia kama mkubwa unampa kama 34, na ukikosea uzito juu yake, Mungu anajua. Ukutani palikuwa na karatasi ya dozi imefifia, imebandikwa kwa plasta ya vidonda: 2.4 kwa wote.

Kwamba artesunati inaokoa watoto kuliko kwinini, hilo lilikwisha kujulikana. Jaribio la 2010 lilikuwa na watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, yetu ikiwemo. Swali langu lilikuwa dogo: je, ile dozi inamfikia mtoto? Hilo ni swali la mfamasia. Lakini mfadhili mkubwa anakuuliza matokeo ya awali yako wapi, na mimi nilikuwa na daftari tu.

Nilipata dola 4,000. Mizani mbili, ada ya kamati ya maadili, karatasi, pikipiki, mtakwimu wa siku kumi. Na kitu kilichonibadilisha: pesa ya kumlipa kijana akae dirishani badala yangu siku mbili kila wiki. Siku mbili za kufikiri! Wamarekani hilo wanalijua zamani. Ruzuku yao iitwayo K23, ya wataalamu wanaoanza utafiti kwa wagonjwa, inadai robo tatu ya muda wako wa kazi iwe ya utafiti. Sisi tunaomba mashine, tunasahau kuomba saa.

Halafu wafadhili wangu walitaka jina la msimamizi. Profesa aliyekuwa akinijibu baada ya wiki tatu, alipokwisha kutia saini akawa ananipigia yeye mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, "Ile jedwali iko wapi?" Nilimchukia mwezi mzima.

Sikukubaliwa mara ya kwanza, hilo sikukuambia. Msomaji mmoja wa maombi aliandika mstari mmoja: hujasema utafanya nini siku utakayokuta dozi mbaya. Niliona haya. Nilikuwa nimepanga kuhesabu makosa tu, mtoto akiwa amelala pale! Nikaandika upya: muuguzi anaambiwa palepale, dozi inarekebishwa, ndipo naandika. Ukiandika la kwako, anza na hapo.

Tulichokuta kilikuwa fujo, na si ya wauguzi peke yao. Sisi wa famasi tulikuwa tunatoa vichupa bila kuuliza uzito, mimi wa kwanza. Makala ilitoka, fupi, haikumshangaza mtu. Lakini ndiyo waliyoisoma walionichukua kwenye timu ya sasa, ya wagonjwa wa kifua kikuu wenye VVU. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inashusha dolutegraviri, dawa ya VVU, mwilini, kwa hiyo miligramu 50 zinamezwa mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na kidonge cha jioni ndicho kinachosahauliwa. Ningefika hapo kwa doktora peke yake? Sidhani.

Ubaya upo. Pesa ilichelewa miezi minne, benki ikakata yake, na ripoti ya matumizi ilinitoa jasho kuliko takwimu. Weka akiba, na usinunue hata kalamu bila risiti.

Nitumie kurasa mbili za kwanza kabla ya Jumapili, hata zikiwa na makosa. Mizani moja ingali wadini, inafanya kazi. Nyingine nasikia inapima unga jikoni, lakini hilo kwenye ripoti sikuliandika.

Ni mimi wako,
Mwamini