Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kanuni ya Tangazo la Zana, Mahudhurio na Ada

Ndugu wajumbe wa kamati tendaji, ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wabunifu wa michoro. Shughuli za kawaida mnazijua. Maonyesho ya mwaka yalifanyika, semina ya fonti na ile ya rangi za uchapishaji zilifanyika, daftari la wanachama limehuishwa, na mhazini atasoma hesabu baada yangu. Sitakaa hapo.

Nitakaa kwenye Kanuni ya Tangazo la Zana, kwa sababu maneno yamekuwa mengi, na mengi yamesemwa pembeni badala ya kikaoni.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kila kazi inayoletwa kwenye maonyesho iambatane na karatasi inayoeleza ni zana gani za akili mnemba zilitumika na katika hatua ipi, pamoja na rasimu na faili lenye matabaka yake, yaani sehemu za mchoro zikiwa zimetenganishwa moja moja. Picha iliyotoka kwenye mashine nzimanzima, ambayo mwanachama hakuifanyia lolote zaidi ya kuandika maelekezo, haipokewi. Hakuna zana iliyopigwa marufuku, na naomba wanaoeneza hivyo waisome kanuni.

Wapo waliotaka tupige marufuku kabisa. Hasira yao naielewa. Mkusanyo wa LAION-5B wa mwaka 2022, ambao sehemu yake ilitumika kuifundisha Stable Diffusion, mashine ya kutengeneza picha kutokana na maelekezo, una viungo vya picha zaidi ya bilioni 5 zilizokusanywa mtandaoni bila wenyewe kuulizwa. Januari 2023 wasanii Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz waliwashtaki nchini Marekani Stability AI, Midjourney na DeviantArt, kampuni zenye zana za kutengeneza picha kwa akili mnemba, na Getty Images, kampuni inayouza picha, nayo ikaishtaki Stability AI mwaka huohuo. Madai hayo ni ya haki kusikilizwa, na niko upande wa wasanii. Lakini marufuku ingemkamata nani hapa kwetu? Tangu Mei 2023 Photoshop yenyewe, programu ya kuhariri picha tunayoitumia kila siku, imekuwa na uwezo wa kujaza sehemu ya picha kwa akili mnemba. Mbunifu aliyechora nembo kwa mkono, akairudia mpaka ikakaa, kisha akapanua mandhari ya nyuma kwa kitufe hicho, angefukuzwa sawa na yule aliyeagiza bango zima kwa sentensi moja. Kamati ninayoiongoza isingekubali dhuluma hiyo.

Wengine wametuita polisi. Wanasema mteja hajali bango limetengenezwaje, anataka lipendeze na liwahi. Hapa nitasema kwa urefu, maana rasimu ya kwanza ya kanuni hii niliiandika mimi, kabla jambo hili halijawa gumzo kwenye kundi letu.

Mteja huanza kujali siku anapotaka kumzuia mtu mwingine asitumie picha aliyoilipia. Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilipunguza usajili wa kitabu kimoja cha katuni: maandishi na mpangilio wa kurasa vilibaki na ulinzi, picha zilizotolewa na Midjourney zikaukosa. Januari 2025 ofisi hiyohiyo ikaeleza kwamba maelekezo peke yake hayamfanyi mtu kuwa mtunzi wa kilichotoka, ila mkono wa binadamu katika kuchagua, kupanga na kurekebisha unaweza kulindwa. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington, katika shauri la Stephen Thaler, aliyetaka hakimiliki ya picha iliyotengenezwa na mashine yake, ikashikilia kwamba mtunzi sharti awe binadamu. Hiyo ni sheria ya Marekani na kila nchi ina yake, lakini wateja wenu wanavuka mipaka, na kazi zenu pia. Nimeambiwa nembo inaweza kusajiliwa kama alama ya biashara hata hivyo. Ni kweli, ila huo ni ulinzi wa aina nyingine, unaofuata biashara inayotumia alama, na mara nyingi hauwafai wenye vielelezo na mabango.

Sasa niambieni: mwanachama aliyesaini mkataba wa kumkabidhi mteja haki zote, anakabidhi nini ikiwa haki hiyo haikuwahi kuwepo? Rasimu zile na matabaka yale ambayo baadhi yenu mnaona ni usumbufu, ndiyo ushahidi wake siku akiulizwa. Julai 2024 Figma, kampuni ya programu ya kusanifu sura za tovuti na programu za simu, ilisitisha zana yake mpya ya kusanifu baada ya kuonyeshwa kwamba inatoa sura inayofanana mno na programu ya hali ya hewa ya Apple. Kampuni kubwa iliweza kuzima zana na kuendelea na kazi. Mbunifu mmoja mwenye mteja aliyekasirika atajiteteaje bila kumbukumbu ya hatua zake?

Kuna na suala la vijana, ambalo linaniuma kuliko mengine yote. Kukata mandhari ya nyuma, kulipanga upya bango moja kwa saizi kumi, kuandaa picha za mfano za kumwonyesha mteja: kazi hizo zilichosha, lakini ndizo zilizotufundisha jicho. Leo mashine inazimaliza kabla kijana hajavuta kiti. Asipodaiwa rasimu na mtu yeyote, atajifunza lini kuona kwamba nafasi kati ya herufi mbili imezidi?

Kuhusu utaratibu, nasikia inasemwa kanuni ilipitishwa kinyemela. Rasimu ilitumwa kwa wanachama wote kabla ya kikao, na kikao kilikuwa na akidi. Walioleta maoni kwa maandishi ni 9. Wanaolalamika kwa sauti kubwa leo hawamo kati ya hao. Kwenye maonyesho, kazi 3 zilirudishwa. 2 zililetewa matabaka yake zikapokewa, moja haikufuatiliwa na mwenyewe. Imedaiwa pia kwamba najilinda mwenyewe. Zana hizi ninazitumia, na kazi yangu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutundikwa ikiwa na tangazo lake, kila mtu akalisoma.

Nije kwenye mahudhurio na ada. Daftari lina wanachama 186. Waliolipa ada kamili ni 71, waliolipa sehemu ni 23, ambao hawajalipa kitu ni 92, na kati ya hao 92 wapo wenye malimbikizo ya miaka miwili. Mkutano wa robo ya tatu uliahirishwa kwa kukosa akidi. Semina ya mikataba na hakimiliki, ambayo mwanasheria wake nilimtafuta mimi na akakubali kuja bila malipo, ilihudhuriwa na watu 17. Jambo lilelile linalowatia hofu usiku kucha kwenye simu zenu lilikuwa linajibiwa ukumbini, na viti vilikuwa vitupu. Siwezi kulipita kimya. Chama hakiwezi kumtetea mwanachama mbele ya mteja wakati hakina hata nauli ya katibu. Nimewataja wasiolipa kwa idadi tu, ila katiba inaruhusu majina, na kamati italifikiria hilo.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia na ada zikiingia, kuandaa mfano wa mkataba wenye kipengele cha akili mnemba, kuzungumza na vyuo kuhusu wanagenzi, na kutafuta wafadhili wa maonyesho makubwa zaidi. Kanuni ya Tangazo itaendelea kutumika. Mwenye pendekezo la kuirekebisha alilete kwa maandishi kwa katibu kabla ya kikao kijacho cha kamati.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti